Bidoni Tatu za Papa Salomon

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare yake ya bluu na nyeupe, Abigaël alishuka ziwani mara mbili kuteka maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na bidoni, dumu la lita ishirini, ikijaa ilikuwa nzito kwake, lakini alikwisha kuzoea. Robine, mabomba ya maji ya Avenyu Mawese, zilikuwa zimekauka tangu mwezi wa saba. Nyumba arobaini na mbili za avenyu hiyo zilipikia, zilinywea na kuogea maji ya Tanganyika, kama nusu ya mitaa ya Kalemie iliyo karibu na ufuko.

Maji ya ziwa hunyweka, lakini huleta kipindupindu. Jambo hilo kila mtu mjini alilijua. Kwa hiyo robine zilipokauka, wakaaji walikutana kwenye ua wa Papa Delphin, shefu wa avenyu, wakapatana namna ya kuishi. Watu wote wateke upande wa mawe makubwa, mbali na wanaofua nguo. Kila bidoni ipite mezani ufukoni kwa Mama Christiane, mama wa kujitolea wa kazi za afya, naye aitie klore, dawa ya kusafisha maji, kwa bomba la sindano. Akimaliza, afunge kipande cha kitambaa cheupe kwenye mkono wa bidoni. Nusu saa ikipita, yeyote anaweza kunywa maji yenye kitambaa. Yasiyo na kitambaa, hata mwenyewe asiyanywe. Na bidoni ikiisha, kitambaa kifunguliwe, kirudishwe mezani mkononi pamoja na bidoni tupu.

Mapatano hayo yalikuwa ya lazima kwa sababu katika Avenyu Mawese maji hayaombwi. Mtoto anayetoka shule huingia kwenye ua wowote, huchota kikombe, hunywa na kwenda zake. Mtu asingeweza kumwuliza jirani kila mara kama maji yake ni mazuri. Ingekuwa matusi. Kitambaa kilijibu badala ya jirani.

Ilikuwepo desturi nyingine. Papa Salomon, fundi wa zamani wa reli, aliishi peke yake na miguu yake ilikuwa imevimba. Wasichana wa avenyu walimpelekea bidoni moja kila siku, kwa zamu. Jumatatu ilikuwa ya Mado, Jumanne ya Éliane, Jumatano ya Abigaël. Mzee huyo hakuwa na maneno matamu. Alimtazama msichana aliyelowa kichwa mpaka mabega, akamwuliza kama ameleta maji au ameleta jasho. Kisha alimwuliza hesabu ya kuzidisha, na aliyekosa alirudishiwa swali lile lile wiki iliyofuata, kwa maana Papa Salomon hakusahau.

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa kumi na moja, tena kwa kitu kidogo. Fundo la kitambaa likilowa hukaza, na kulifungua kunataka kucha na subira. Éliane, rafiki wa Abigaël, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliacha kulifungua. Alishuka ziwani na bidoni tupu ikiwa bado imefungwa kitambaa, akapanga mstari, akatiliwa klore, akapanda. Mama Christiane aliona, hakusema kitu. Wiki iliyofuata wasichana wengi walifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo bidoni iliyoshuka tupu na bidoni iliyopanda imetiwa dawa zilifanana.

Asubuhi moja mstari ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Abigaël alikuwa wa ishirini na tatu. Mlango wa shule ulifungwa saa moja na nusu, na aliyechelewa alirudishwa nyumbani. Éliane alimpita akiwa na maji kichwani, akasimama.

"Wewe unangoja nini? Bidoni yako iko na kitambaa."

"Sijatiliwa klore."

"Nani anaona klore? Watu wanaona kitambaa." Éliane alielekeza kidevu upande wa njia. "Unafikiri hawa wote wamepita mezani? Hesabu tu."

Abigaël alihesabu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuhesabu. Alipohesabu bidoni ishirini zilizopanda na kitambaa, mezani zilikuwa zimepita kumi na moja. Tisa zilikuwa zimetoka majini moja kwa moja. Miongoni mwa wale tisa alimwona mke wa shefu. Akatoka kwenye mstari.

Siku hiyo alikuwa na hofu mpaka jioni. Alikunywa maji yake mwenyewe kwa kusudi, ili aone. Hakuugua. Mama yake hakuugua. Siku ya pili pia hakuna aliyeugua, wala ya tatu. Kukosa kuadhibiwa kulimfundisha vibaya kuliko rafiki yeyote. Kufika Noeli, Abigaël alipita mezani siku ambazo mstari ulikuwa mfupi tu, na siku hizo zilikuwa zikiongezeka, kwa sababu wengine wengi walikuwa wamefikia hesabu ile ile.

Mtu mmoja hakuacha kupanga mstari. Alikuwa Mado, binti wa Papa Hénoc. Jamaa yao ya watu sita ilikuwa imetoka pwani ya kaskazini ya ziwa, wavuvi, na ilikuwa imekaa Avenyu Mawese miezi mitatu. Mado alifungua kitambaa chake kila siku, akakirudisha mkononi. Alifika shule akikimbia, na mara mbili alifungiwa nje. Éliane alimtania kwamba klore itamgeuza Mzungu.

"Miye ni mugeni," Mado alijibu bila kukasirika. "Nyinyi mukikosa, watasema ni mutoto wa fulani amekosa. Miye nikikosa, watasema ni wale wageni."

Éliane alicheka. Abigaël pia alicheka kidogo, kwa kumfuata mwenzake.

Katikati ya mwezi wa kwanza mvua ilinyesha usiku na mchana. Mifereji ilifurika, na maji ya vyoo vya mlimani yakashuka ziwani. Jumatatu Mado alimpelekea Papa Salomon maji, Jumanne Éliane, Jumatano Abigaël. Jumatano hiyo Abigaël alikuwa amelowa na kuchelewa. Hakupita mezani. Papa Salomon alimwuliza kumi na saba mara sita, naye akajibu mia moja na mbili, na mzee akasema kwamba leo ameleta maji pamoja na akili.

Alhamisi asubuhi jirani alimkuta mzee huyo sakafuni. Wanaume wanne walimbeba juu ya mlango uliong'olewa, wakampeleka kwenye kituo cha matibabu. Ijumaa kabla ya saa sita alikufa. Hapakuwa na matanga. Mtu aliyekufa kwa kipindupindu hapelekwi nyumbani. Watu waliovaa glavu na buti walimnyunyizia dawa, wakamfunga ndani ya mfuko na kumzika siku ile ile. Watu wa Avenyu Mawese walisimama mbali, kwenye mvua, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Wakaaji wengine saba walikuwa wamelazwa.

Muganga Wilfried, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye kituo hicho, alipita nyumba kwa nyumba akiwa na daftari. Aliuliza watu wanakunywa maji gani. Katika kila nyumba alionyeshwa bidoni yenye kitambaa cheupe. Hata kwa akina Abigaël. Mama yake, Mama Monique, alimwonyesha kwa fahari, maana hakujua, na Abigaël alikuwa amesimama nyuma yake akitazama miguu yake mwenyewe. Muganga aliandika kwamba avenyu nzima inakunywa maji yenye klore.

Kama maji yalikuwa mazuri, ugonjwa ulitoka wapi? Watu walitafuta jibu, na hawakwenda mbali. Bidoni ya Jumatatu ilikuwa ya Mado. Wageni hawakuwa na choo chao. Mtumbwi wao ulikuwa umetoka kaskazini, na nani anajua ulibeba nini. Kufika Ijumaa jioni, mwanamke aliyekuwa ziwani alisogeza bidoni yake ili isigusane na ya Mado, na wengine wakasogeza zao. Hakuna aliyewapa amri. Papa Delphin alitangaza kwamba Jumapili baada ya misa watu watakutana, na kila mtu alijua kwamba jamaa ya Papa Hénoc itaambiwa ihame. Jumamosi Papa Hénoc alionekana akibeba nyavu zake kuelekea ufukoni.

Siku hiyo ya Jumamosi, Mama Monique alipokuwa akisonga bukari, yaani ugali, Abigaël alimwambia yote. Mama hakupaza sauti. Alisonga mpaka bukari ikaiva, akaweka mwiko chini, akauliza, "Umeambia nani tena?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mutu." Alijifuta mikono polepole. "Baba yako yuko mbali, Manono, haleti kitu tangu mwezi wa tisa. Sisi tunakula kwa ndagala ninazouza. Ukisema kesho, nani atanunua samaki mikononi mwangu?"

"Na akina Mado, Mama?"

Mama Monique alichukua bidoni zote mbili, akamwaga maji uani mpaka tone la mwisho, akamtuma Abigaël ziwani tena, apite mezani.

Mezani palikuwa na watu wanne tu. Mama Christiane alikuwa amekaa juu ya stuli yake, chupa ya klore mbele yake ikiwa karibu kujaa. Wa nne alikuwa Mado. Hakumsalimu Abigaël. Alikuwa amefungua kitambaa chake na kukishika mkononi, ingawa kesho yake labda asingekuwepo. Abigaël alimtazama akitiliwa klore, akafungiwa kitambaa, akajitwika bidoni na kupanda njia peke yake, wanawake wakimpisha kama mtu anayebeba moto.

Jumapili ua wa Papa Delphin ulijaa. Muganga Wilfried alikuwepo, kwa kuwa alitaka kueleza mambo ya usafi. Shefu alisema maneno marefu. Alisema kwamba avenyu hii haina ubaya na wageni, lakini ina mapatano yake, na asiyeyafuata anaua wenzake. Papa Hénoc alisimama. Alisema kwamba binti yake hajawahi kuteka bila kupita mezani, na kwamba wao ni watu sita na hakuna hata mmoja aliyeugua.

"Ndiyo hapo sasa," mtu mmoja alisema nyuma. "Kwa nini nyinyi hamuugui?"

Wengi waliitikia. Hakukuwa na neno ambalo Papa Hénoc angeweza kulisema na lisigeuzwe kuwa kosa lake. Akakaa.

Abigaël alikuwa kati ya Éliane na mama yake. Aliona jinsi jambo lilivyokuwa linakwisha. Dakika chache zaidi, na watu wangeinuka, na jamaa moja ingepanda mtumbwi na watoto wanne kwenye ziwa la mvua. Alisimama. Papa Delphin alimwambia kwamba huu ni mkutano wa watu wazima.

"Papa Delphin, naomba kusema moja tu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakanyamaza ili wasikie. "Maji ya Jumatano ya Papa Salomon nilipeleka mimi. Hayakuwa na klore. Nilikuwa nimechelewa shule, nikapita tu. Kitambaa kilikuwa cha zamani. Sikukifungua."

Mama Monique aliweka mkono machoni. Éliane alisogea pembeni, kama wanawake walivyosogeza bidoni zao ziwani.

"Ni siku ile moja tu?" shefu aliuliza.

"Hapana, Papa. Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Na nani mwingine?"

Abigaël alijua majina tisa. Alimtazama mke wa shefu, aliyekuwa akitazama ardhi. "Nasema yangu," alijibu. "Wengine wako na midomo yao."

Muganga Wilfried ndiye aliyeinuka. Alitoa kwenye mfuko wake kisanduku cha plastiki chenye vidonge vidogo. Alieleza kwamba kidonge kikiwekwa kwenye maji yenye klore, maji hugeuka kuwa na rangi ya waridi. Yasiyo na klore hayabadiliki. Alisema angepaswa kupima tangu Ijumaa, lakini alikuwa ameamini vitambaa. Akaomba kila nyumba ilete bidoni moja iliyotekwa asubuhi ile au jana yake.

Hakuna aliyeweza kukataa mbele ya watu. Nyumba zilizokuwa bado na maji zilileta bidoni thelathini na moja, zote na kitambaa cheupe, zikapangwa ukutani. Muganga alipima moja baada ya nyingine, bila haraka, na kila mara aliinua kibomba cha kioo chenye maji na kidonge ili watu waone. Ya Papa Hénoc ilikuwa ya waridi. Ya Mama Monique, iliyotekwa jana, ilikuwa ya waridi hafifu. Ya akina Éliane haikubadilika. Ya Papa Delphin haikubadilika. Kazi ilipokwisha, bidoni za waridi zilikuwa saba. Ishirini na nne zilikuwa maji ya ziwa matupu.

Yule mtu wa nyuma aliyeuliza kwa nini wageni hawaugui hakuuliza tena. Jibu lilikuwa ukutani.

"Basi ni nani aliyemuua Salomon?" Papa Delphin aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sitaweza kukwambia, Papa," Muganga alisema. "Ugonjwa huu unaweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya siku tano. Kwa siku tano alikunywa maji ya nyumba nyingi. Ya Jumatatu yalikuwa na dawa, hilo naliamini. Mengine sijui. Hakuna atakayejua."

Abigaël angependa kuambiwa. Kama angeambiwa ni yeye, angelia. Kama angeambiwa si yeye, angepumzika. Alirudi nyumbani bila moja wala jingine, na kwa siku nyingi alilala vibaya.

Wiki iliyofuata mambo yalipangwa upya. Vitambaa vyote vilikusanywa na kuchomwa. Vipya vilikaa mezani, na ni Mama Christiane peke yake aliyevifunga. Juu ya njia walikaa wakaaji wawili kwa zamu, wakirudisha mezani kila bidoni isiyo na kitambaa, iwe ya mtoto wa nani. Muganga alikuja siku asiyoitaja, akapima, na matokeo yakasomwa kwa sauti. Papa Delphin alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi wa shule, na watoto wanaoteka maji wakaruhusiwa kuingia mpaka saa mbili kasoro robo. Kufika mwisho wa mwezi wa pili hakuna mgonjwa mpya aliyetoka Avenyu Mawese.

Lakini si kila kitu kilipona. Papa Hénoc alirudisha nyavu zake, na shefu alimwomba radhi mbele ya watu, ila mke wa Papa Hénoc hakunywa tena maji kwenye ua wa mtu. Mado hakusema na Abigaël mpaka Pasaka. Kwa wiki tatu Mama Monique alirudi kutoka sokoni ndagala zake zikiwa hazijapungua. Hakumlaumu binti yake, wala hakumsifu. Éliane aliteka maji na wasichana wengine.

Abigaël alipewa zamu ya kukaa mezani Jumamosi, kuandika idadi ya bidoni. Siku moja watu walipopungua, alimwuliza Mama Christiane kwa nini hakusema kitu siku zile za mwanzo, naye alikuwa anaona.

Mama Christiane hakukasirika kwa swali hilo. Alifunga chupa ya klore kwanza.

"Nilijua, mwanangu. Chupa ya wiki mbili ilikuwa inamaliza mwezi. Watu waliniambia wamepita asubuhi na mapema, nikakubali, kwa sababu sikutaka ugomvi na majirani. Wewe ulimwangalia Éliane. Éliane alimwangalia mke wa shefu. Mke wa shefu aliniangalia mimi, akaona nimenyamaza. Kila mmoja alingoja mwenzake afanye vizuri kwanza."

"Miye nilifikiri mutu mmoja akiacha, haitaonekana."

"Haionekani siku ya kwanza. Lakini kila mtu yuko na mtu anayemwangalia. Ukiacha sheria ya wote, hujaiacha peke yako, umemwonyesha wa nyuma yako kwamba inaachika. Na ukiishika wakati wengine wameiacha, kama Mado, au ukisema ukweli wakati wengine wamenyamaza, mtu wa nyuma anaona vilevile. Siku ile uliposimama, ulituzuia kufanya ubaya wa pili, wa kuwafukuza wasio na kosa. Ule wa kwanza, mimi na wewe na avenyu nzima tutaubeba. Hatuwezi kuutua kwa mtu mwingine."

Msichana mdogo alikuwa amefika mezani na bidoni yake, kitambaa amekifungua na kukishika mkononi. Mama Christiane alichukua bomba la sindano. Abigaël aliandika namba, akamwambia msichana huyo angoje nusu saa kabla ya kunywa, na akamwangalia usoni mpaka alipohakikisha amesikia.